Upatanifu wa vivinjari na Microsoft Project Server

Upatanifu wa vivinjari na Microsoft Project Server ni suala la kiufundi linalohusu uwezo wa kivinjari kuonyesha na kuendesha ipasavyo kurasa za Microsoft Project Server, hasa matoleo yake ya zamani ya 2003, 2007 na 2010. Project Server ni programu ya seva ya kusimamia miradi iliyotengenezwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani. Wafanyakazi huitumia kupitia kivinjari ili kuona ratiba, kujaza saa za kazi, kupokea majukumu na kutoa taarifa za maendeleo.

Matoleo hayo ya zamani yaliandikwa kwa ajili ya kivinjari cha Internet Explorer cha wakati wake. Kivinjari kipya kinapofungua kurasa zake, jedwali la ratiba linaweza kubaki tupu, vitufe vikakosa kufanya kazi, au mtumiaji akaombwa nenosiri tena na tena. Mara nyingi data iliyo kwenye seva huwa salama. Kilichoharibika ni mawasiliano kati ya seva na kivinjari. Hata hivyo tatizo si dogo, kwa kuwa mfanyakazi asiyeweza kutuma saa zake za kazi hawezi kuhesabiwa, na meneja asiyeona ratiba halisi hufanya maamuzi kwa taarifa za zamani.

== Historia ==

Mwaka 2000 Microsoft ilitoa Project Central, programu ya seva iliyoambatana na Microsoft Project 2000. Ilifuatwa na Project Server 2002, 2003, 2007, 2010, 2013, 2016 na 2019. Sehemu inayofunguliwa kwa kivinjari iliitwa Project Web Access hadi toleo la 2007. Kuanzia toleo la 2010 ikaitwa Project Web App. Majina yote mawili hufupishwa kuwa PWA.

Katika matoleo ya 2003 na 2007, majedwali mengi ya ratiba yalionyeshwa kwa vidhibiti vya ActiveX. ActiveX ni teknolojia ya Microsoft ya mwaka 1996 inayoruhusu ukurasa wa wavuti kuendesha programu ndogo iliyosakinishwa kwenye kompyuta ya mtumiaji. Ilifanya kazi ndani ya Internet Explorer kwenye Windows pekee, kwa hiyo watumiaji wa vivinjari vingine hawakuweza kupata huduma kamili.

Project Server 2010, iliyojengwa juu ya SharePoint Server 2010, ilibadilisha majedwali hayo yakaandikwa kwa JavaScript. Hata hivyo ilipotolewa, vivinjari vilivyokubaliwa rasmi kwa PWA vilikuwa Internet Explorer 7 na 8 tu. Toleo la 2013 ndilo lililofungua mlango kwa Firefox, Chrome na Safari.

Wakati huohuo vivinjari navyo vilikuwa vinabadilika. Internet Explorer 9 ilitoka mwaka 2011, toleo la 10 mwaka 2012 na la 11 mwaka 2013. Kivinjari cha Edge kilikuja na Windows 10 mwaka 2015 bila uwezo wa kuendesha ActiveX. Januari 2020 Microsoft ilitoa Edge mpya iliyojengwa juu ya Chromium, na tarehe 15 Juni 2022 ikasitisha msaada wa Internet Explorer 11 kwenye matoleo mengi ya Windows 10. Hivyo taasisi nyingi zilijikuta na seva inayofanya kazi vizuri lakini bila kivinjari cha kuifungulia.

== Sababu za matatizo ==

=== Utambulisho wa kivinjari ===

Kila kivinjari kinapoomba ukurasa hutuma kwa seva mstari wa maandishi unaojitambulisha. Seva za zamani ziliusoma mstari huo ili kuamua ni ukurasa wa namna gani utumwe. Internet Explorer hadi toleo la 10 ilijitambulisha kwa herufi «MSIE» na namba ya toleo. Toleo la 11 liliziondoa herufi hizo, likabaki na neno «Trident/7.0» na maneno «like Gecko». Seva iliyotafuta «MSIE» haikuiona, ikadhani imetembelewa na kivinjari cha kigeni.

Tatizo kama hilo lilikuwa limejitokeza tayari kwa toleo la 10. ASP.NET, jukwaa ambalo SharePoint na Project Server zimejengwa juu yake, ilikuwa na faili za kutambua vivinjari ambazo katika matoleo 2.0 na 4.0 hazikuielewa namba ya toleo yenye tarakimu mbili. Seva ikaamini kwamba kivinjari hakiwezi JavaScript wala vidakuzi, ikatuma ukurasa bila msimbo unaohitajika. Mtumiaji alibofya kitufe na hakuna kilichotokea, huku kosa likitaja «__doPostBack». Microsoft ilitoa viraka vya kusahihisha faili hizo.

Kosa la kusoma namba vibaya halikuwa la Microsoft peke yake. Kivinjari cha Opera kilipofika toleo la 10 kiliendelea kujitambulisha mwanzoni mwa mstari wake kama 9.80, kwa sababu tovuti nyingi zilisoma tarakimu ya kwanza tu na kukiona kama toleo la 1.

=== Hali ya waraka ===

Kuanzia toleo la 8, Internet Explorer iliweza kuonyesha ukurasa kwa namna kadhaa, kana kwamba ni kivinjari cha zamani. Namna hizo huitwa hali za waraka: kuna hali ya 5, 7, 8, 9, 10 na 11. Ukurasa wenyewe unaweza kuomba hali fulani kwa lebo iitwayo X-UA-Compatible. Kurasa za kawaida za SharePoint 2010 ziliomba hali ya 8.

Kama lebo hiyo imefutwa, kwa mfano pale mtu alipobadilisha ukurasa kiolezo ili kuweka nembo ya taasisi, kivinjari huchagua hali chenyewe. Matokeo yake ni menyu zilizohama, safu za jedwali zisizolingana na mistari ya chati ya Gantt, au madirisha yasiyofunguka.

=== Teknolojia zilizoondolewa ===

Vivinjari vya sasa vimeacha mambo mengi ambayo programu za enzi ile ziliyategemea:

* Amri ya «attachEvent», iliyotumika kuunganisha vitufe na msimbo, iliondolewa katika Internet Explorer 11.
* Lugha ya michoro ya VML haifanyi kazi katika hali ya kawaida ya Internet Explorer 10 na kuendelea.
* Amri ya «showModalDialog», iliyofungua dirisha la kusubiri jibu, iliondolewa katika Chrome na Firefox.
* Programu-jalizi za aina ya NPAPI, ambazo zilibeba Java na Silverlight, ziliondolewa katika Chrome mwaka 2015. Firefox iliziacha mwaka 2017, isipokuwa Flash iliyoendelea kwa muda.

Programu nyingine za kusimamia miradi ziliathiriwa pia. Primavera P6 ya kampuni ya Oracle, kwa mfano, ilitumia vijiprogramu vya Java ndani ya kivinjari kwa baadhi ya kurasa zake. Programu-jalizi ya Java iliondolewa kabisa katika Java 11 mwaka 2018.

=== Usalama wa mawasiliano ===

Mwaka 2020 vivinjari vikubwa vilianza kukataa itifaki za usimbaji fiche za TLS 1.0 na 1.1. Project Server 2010 huendeshwa kwenye Windows Server 2008 au 2008 R2. Windows Server 2008 R2 ina TLS 1.2, lakini imezimwa mpaka msimamizi aiwashe. Isipowashwa, kivinjari kipya hakifungui hata ukurasa wa kwanza.

Vyeti vya usalama navyo huleta shida. Vyeti vilivyotiwa sahihi kwa njia ya SHA-1 vilianza kukataliwa mwaka 2017. Mwaka huohuo Chrome iliacha kusoma jina la seva katika sehemu ya zamani ya cheti, ikadai liwe katika orodha ya majina mbadala. Cheti ambacho taasisi ilijitengenezea yenyewe mwaka 2010 kinaweza kukosa vyote viwili.

== Utambuzi wa tatizo ==

Kosa la kawaida ni kubadilisha mipangilio mingi kwa mkupuo. Tatizo likiisha, hakuna anayejua kilichosaidia, na mara nyingi mlango wa usalama hubaki wazi bila sababu. Njia bora ni kutenganisha sababu moja baada ya nyingine.

Kwanza, hujulikana ni nani anayepata tatizo. Kama ni mtu mmoja tu, sababu iko kwenye kompyuta au akaunti yake. Kama ni wote wenye kivinjari kimoja, ni suala la upatanifu. Kama ni wote kwa vivinjari vyote, huenda seva yenyewe ina hitilafu, na kuhangaika na kivinjari ni kupoteza muda.

Pili, mtumiaji yuleyule hujaribu kwenye kompyuta nyingine, kisha mtumiaji mwingine hujaribu kwenye kompyuta ileile. Jaribio hili rahisi hutofautisha tatizo la ruhusa na tatizo la kivinjari. Mtu asiye na ruhusa ya kuona mradi huona jedwali tupu, sawa kabisa na yule ambaye jedwali lake limeshindwa kupakiwa.

Tatu, hufunguliwa dirisha la faragha la kivinjari. Ukurasa ukifanya kazi humo, sababu ni vidakuzi vya zamani, akiba ya kivinjari au kiendelezi kilichosakinishwa.

Nne, hufunguliwa zana za wasanidi programu kwa kitufe cha F12. Sehemu ya konsoli huonyesha makosa ya JavaScript, na sehemu ya mtandao huonyesha majibu ya seva. Jibu la 401 lisilokoma huashiria tatizo la uthibitisho wa mtumiaji; 404 huashiria faili lililokosekana; 500 huashiria kosa ndani ya seva. Majibu yote yakiwa 200 lakini konsoli imejaa makosa, tatizo ni la msimbo na kivinjari.

Tano, huangaliwa mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kivinjari kinajitambulisha vipi kwa seva, na kinauonyesha ukurasa kwa hali gani ya waraka. La kwanza hubadilisha kile seva inachotuma. La pili hubadilisha namna kilichotumwa kinavyoonekana. Inawezekana moja likawa sahihi na jingine likawa na kosa.

== Suluhisho za kawaida ==

=== Mwonekano wa Upatanifu ===

Katika Internet Explorer 8 hadi 11, tovuti iliweza kuongezwa kwenye orodha ya Mwonekano wa Upatanifu. Kivinjari hujitambulisha kwake kama Internet Explorer 7, na ukurasa usioomba hali maalumu huonyeshwa kwa hali ya 7. Ndiyo maana hatua hii iliponya matatizo mengi ya PWA 2010 kwenye Internet Explorer 11: lebo ya ukurasa iliendelea kuomba hali ya 8, lakini seva ilipata tena herufi «MSIE» ilizozitafuta.

=== Hali ya Internet Explorer ndani ya Edge ===

Edge mpya kwenye Windows inaweza kufungua tovuti fulani kwa injini ya Internet Explorer 11. Hali hii huendesha ActiveX na hali za waraka za zamani. Microsoft imeahidi kuiendeleza angalau hadi mwaka 2029. Haipatikani kwenye Mac, Linux wala simu.

Mtumiaji mmoja anaweza kuiruhusu katika mipangilio ya Edge, kwenye sehemu ya kivinjari chaguomsingi, kisha kuongeza anwani ya ukurasa. Anwani iliyoongezwa hivyo hudumu siku 30 kwa kawaida, kisha huisha. Hii hueleza malalamiko ya watumiaji wanaosema mfumo ulifanya kazi mwezi uliopita na sasa umekataa bila mtu kugusa kitu.

Kwa taasisi, njia inayofaa ni orodha ya tovuti ya pamoja. Ni faili la XML ambalo msimamizi huliweka mahali pamoja na kulisambaza kwa sera ya kundi. Katika faili hilo kila tovuti hupewa hali yake, kwa mfano IE8Enterprise kwa seva iliyoandikwa kwa ajili ya Internet Explorer 8. Orodha ihusishe pia anwani ya kuingilia kwa nenosiri. Ikiachwa nje, mtumiaji huthibitishwa upande wa Edge, lakini kidakuzi chake huenda kisifike upande wa Internet Explorer, naye hurudishwa kwenye ukurasa wa kuingia bila mwisho.

Zana za F12 za kawaida hazichunguzi kurasa zilizo katika hali hii. Badala yake hutumika programu ya IEChooser, iliyo ndani ya folda ya f12 katika system32 ya Windows.

=== Kanda za usalama na majina ya seva ===

Windows hugawa tovuti katika kanda, kama vile intraneti, tovuti zinazoaminika na intaneti. Jina la mtumiaji na nenosiri hutumwa bila kuulizwa kwa kanda ya intraneti tu, isipokuwa mipangilio ibadilishwe. Jina la seva lisilo na nukta, kama «miradi», kwa kawaida huhesabiwa kuwa la intraneti. Seva ileile ikiitwa kwa jina refu lenye nukta huhesabiwa kuwa ya intaneti, na hapo ndipo dirisha la nenosiri huanza kujitokeza. Dawa yake ni kuliongeza jina refu kwenye kanda ya intraneti. Firefox ina mipangilio yake yenyewe ya majina ya seva zinazoaminika.

Jina la seva lenye mstari wa chini, kama «seva_miradi», huleta tatizo la aina yake: Internet Explorer hukataa kuhifadhi vidakuzi vya jina kama hilo. Mtumiaji huingia na kutolewa papo hapo. Hakuna mpangilio wa kivinjari unaotibu hali hiyo. Seva hupewa jina lingine.

=== Vidhibiti vya ActiveX ===

Kidhibiti kisiposakinishwa, jedwali halionekani. Sababu za kawaida ni tatu. Mtumiaji anaweza kuwa hana ruhusa ya kusakinisha programu. Hapo msimamizi husambaza kidhibiti kwa kompyuta zote. Tovuti inaweza kuwa katika kanda inayozuia ActiveX. Au toleo la biti halilingani, kwa kuwa Internet Explorer ya biti 64 haiwezi kupakia kidhibiti cha biti 32. Mwonekano wa lahajedwali wa SharePoint 2010 ulikumbwa na hali hiyo: haukupatikana kwa watu waliosakinisha Office 2010 ya biti 64.

=== Marekebisho upande wa seva ===

Msimamizi wa seva anaweza kusakinisha viraka vya mwisho vya toleo lake, kuwasha TLS 1.2, kubadilisha cheti, na kurudisha lebo ya X-UA-Compatible iliyofutwa. Kabla ya hatua yoyote huchukuliwa nakala rudufu ya hifadhidata, na mabadiliko hujaribiwa kwanza kwenye seva ya majaribio. Baadhi ya taasisi huweka seva ya kati mbele ya ile ya zamani ili ishughulikie usimbaji fiche wa kisasa. Seva hiyo ya kati lazima iweze kupitisha uthibitisho wa NTLM, ambao hufungamanishwa na muunganisho mmoja; vinginevyo maombi ya nenosiri hayataisha.

== Dalili na sababu zake ==

* Ukurasa haufunguki kabisa, na kivinjari kinataja muunganisho usio salama: TLS ya zamani au cheti.
* Nenosiri huombwa mara kwa mara: kanda ya usalama, seva ya kati, au orodha ya tovuti isiyokamilika.
* Jedwali la ratiba ni tupu: ActiveX, kosa la JavaScript, au mtumiaji hana ruhusa.
* Vitufe havijibu, na konsoli inataja «__doPostBack»: seva haikukitambua kivinjari.
* Safu zimehama au chati hailingani na jedwali: hali ya waraka.
* Mfumo hufanya kazi kisha husimama baada ya siku 30: anwani imeisha muda katika orodha binafsi ya Edge.

== Hatari za usalama ==

Suluhisho linalorudisha kazi haraka linaweza kuwa ndilo hatari zaidi. Kuruhusu ActiveX zote katika kanda ya intaneti hufungua PWA, lakini huruhusu pia tovuti yoyote duniani kujaribu kuendesha programu kwenye kompyuta hiyo. Kuzima ukaguzi wa vyeti humzoesha mtumiaji kupuuza onyo ambalo siku moja litakuwa la kweli. Kwa hiyo kanuni ni kulegeza mipangilio kwa anwani moja tu ya seva, kwa watumiaji wanaoihitaji tu, na kuandika kilichobadilishwa, tarehe yake na sababu yake.

Seva yenyewe pia ni hatari. Msaada wa Microsoft kwa Project Server 2007 uliisha Oktoba 2017, kwa toleo la 2010 Aprili 2021, na kwa toleo la 2013 tarehe 11 Aprili 2023. Baada ya hapo kasoro mpya za usalama hazirekebishwi. Seva ya namna hiyo haifai kufikiwa moja kwa moja kutoka intaneti.

== Kuhamia toleo jipya ==

Marekebisho ya kivinjari huongeza muda tu. Suluhisho la kudumu ni kuhamia toleo linalokubali vivinjari vya sasa. Kutoka Project Server 2010 haiwezekani kuruka hadi la 2016. Hifadhidata hupitishwa kwanza katika toleo la 2013. Kwa matoleo ya 2016 na 2019, msaada umepangwa kuishia tarehe 14 Julai 2026, kwa hiyo taasisi inayohama hupanga hatua inayofuata mapema.

Kama miradi iliyomo imekwisha na inahitajika kwa kumbukumbu tu, njia nafuu ni kuhifadhi kila mradi kama faili la Microsoft Project na kuchapa ripoti za saa za kazi kuwa PDF kabla ya kuizima seva. Kazi hii hufanywa wakati ambapo bado kuna angalau kompyuta moja inayoweza kuifungua PWA. Data ikibaki kwenye hifadhidata pekee, kuisoma baadaye kutahitaji mtaalamu wa SQL Server anayeujua mpangilio wa majedwali yake.

== Tazama pia ==

* Kivinjari
* Internet Explorer
* Microsoft Edge
* Usimamizi wa miradi
* Chati ya Gantt
* JavaScript